Orodha Isiyokuwa na Jina Lake

Siku orodha ya kupandishwa vyeo inapobandikwa ukutani, kambi nzima huwa imekwisha kujua kabla ya adhuhuri. Akina mama huambiana bombani, watoto huambiana njiani kutoka shule, na yule koplo ambaye jina lake halimo huwa mtu wa mwisho kulitamka jambo hilo. Ameisoma orodha mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kidole, na mara ya tatu akijifanya anatafuta jina la rafiki. Kisha amewapa mkono waliobahatika, na amesimama wima mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwata miaka sita iliyopita, na ambaye tangu asubuhi hiyo ndiye sajini wake.

Hadi hapo amejiweza, maana nidhamu ni kitu alichokizoea. Gharama hulipwa jioni. Ndani ya nyumba ya bati ya mviringo, ile ambayo polisi wa Uganda huiita unipoti, ambamo pazia moja hutenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto, hapana mahali pa mtu kuuficha uso wake. Posho na maharagwe hupoa mezani. Mtoto anayeomba fedha za daftari hukaripiwa kama mhalifu. Mke anayeuliza kulikoni huambiwa kwamba hana analolijua katika mambo ya serikali. Baadaye baba hutoka kwenda kwenye waragi, na akirudi usiku hulitamka lile alilokuwa akilisema kimyakimya kutwa nzima: "Mimi si kitu."

Maneno hayo matatu ndiyo yanayostahili kuangaliwa katika ukurasa wa nyumbani. Orodha ni kazi ya wakubwa wa makao makuu, lakini maneno hayo husemwa chini ya paa la bati, na watoto walio nyuma ya pazia huyasikia.

Haifai hata kidogo kumcheka mtu huyo. Cheo katika utumishi wa ulinzi si pambo la bega. Kinabeba mshahara, nyumba, karo za shule, malipo ya uzeeni, na pia haki ya kusikilizwa mtu anapofungua mdomo. Isitoshe, historia ya nchi hizi inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo kubwa. Chini ya utawala wa Waingereza, Mwafrika aliyetumikia King's African Rifles alifungiwa njia ya kuwa afisa kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifunguliwa ngazi ya efendi, iliyokaa juu ya masajini na chini ya maafisa wa Kizungu, na kwa muda hapo ndipo paa lake lilipokuwa. Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya walipogoma na kuasi, madai yao makubwa yalikuwa mishahara na Waafrika kushika nafasi za maafisa Waingereza. Huko Jinja, waziri aliyekwenda kusema nao, Felix Onama, alizuiliwa na askari hao. Mtu hawezi kusema kwamba vyeo ni mambo madogo.

Kwa hiyo askari anayeona kwamba amerukwa bila haki anayo ruhusa ya kuuliza, kwa njia ambayo kanuni zinaikubali: kwa mkubwa wake wa karibu, kwa maandishi, kwa adabu na bila kuzipita ngazi. Wapo wahubiri wanaowafundisha watu kwamba kujikubali maana yake ni kunyamaza na kushukuru kwa kila kitu. Hilo si kujikubali, bali ni kumeza dhuluma, na dhuluma iliyomezwa aghalabu hutapikiwa watoto. Lakini hata pale ambapo malalamiko ni ya haki, na hata kama yatajibiwa vizuri baada ya miezi kadhaa, bado koplo ana usiku mwingi wa kulala na nafsi yake kabla ya jibu hilo kufika. Atajisemea nini katika usiku huo?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Marekani liliwapa wataalamu kazi ya kuwauliza askari wake juu ya maisha yao ya jeshini. Walioulizwa walizidi 500,000. Matokeo yalikusanywa na Samuel Stouffer pamoja na wenzake, yakachapishwa mwaka 1949 kwa jina The American Soldier. Ndani ya kazi hiyo kubwa mna jambo moja ambalo kila mtu aliyevaa sare angefaa kulijua. Polisi wa jeshi, ambao vyeo kwao vilitoka kwa uchache na kwa kuchelewa, walizisifu nafasi za kupanda cheo kuliko askari wa kikosi cha anga, ambako vyeo vilitoka kwa wingi na kwa upesi. Msomaji atadhani kwamba mchapaji amegeuza mistari, lakini ndivyo ilivyo. Waliopewa zaidi ndio walionung'unika zaidi.

Sababu iliyotolewa ni nyepesi kuifahamu. Askari wa anga ambaye hakupandishwa aliangalia kushoto na kulia akaona wenzake wa kuruti moja naye wakiwa tayari na vyeo; akahesabu kwamba yeye peke yake ndiye aliyeachwa. Polisi wa jeshi ambaye hakupandishwa aliangalia kushoto na kulia akaona wenzake wote wako kama yeye. Akaendelea na zamu yake bila kisirani. Maumivu hayakupimwa kwa idadi ya mistari begani. Yalipimwa kwa jirani ambaye mtu alimchagua ili ajilinganishe naye. Mara nyingi jirani huyo hachaguliwi kwa akili, bali ni yule tu anayelala nyumba ya pili na ambaye mkewe amenunua televisheni.

Nusu karne na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1890, William James, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikwisha kuliweka jambo hili katika hesabu ya watoto wa shule. Heshima ambayo mtu anajipa mwenyewe, alieleza, ni mafanikio yake yakigawanywa kwa mambo anayojidai kuwa. Juu ya mstari yakae aliyoyapata. Chini ya mstari yakae anayoyadai. Jibu laweza kukua kwa njia mbili, ama kwa kuongeza ya juu au kwa kupunguza ya chini. Yeye mwenyewe alijitoa mfano: alikuwa ameifunga nafsi yake yote katika kuwa mjuzi wa sayansi ya nafsi, basi akikutana na mtu anayemzidi katika elimu hiyo aliumia, lakini kutokujua kwake Kigiriki hakukumnyima usingizi hata kidogo, kwa vile hakuwa amedai kamwe kukijua.

Koplo wa orodha amewafunga ng'ombe wake wote kwenye kigingi kimoja. Kigingi kimeng'oka, na usiku ule anaona zizi tupu. Kumbe huenda mtu huyohuyo ndiye dereva pekee katika kikosi anayeweza kulitoa lori kwenye matope ya Karamoja bila kuvunja ekseli. Huenda ndiye ambaye kuruti humwendea wanapopata barua ya msiba kutoka nyumbani, badala ya kumwendea kasisi au imamu. Huenda anazungumza lugha tano, na kwa hizo amezuia ugomvi sokoni mara nyingi kuliko rungu lake lilivyozuia. Mambo hayo yote ni yake na yamo mikononi mwake, wala hakuna orodha inayoweza kuyaondoa. Ila yeye hajapata kuyahesabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyabandika ukutani.

Ingefaa basi aketi na daftari. Si daftari la kujisifu. Upande mmoja aandike anayoyafanya vizuri, kwa mifano yenye tarehe, kama anavyoandika katika kitabu cha matukio cha kituo. Upande wa pili aandike anayoyafanya vibaya, kwa mifano yenye tarehe vilevile. Huenda akagundua kwamba ripoti zake hazisomeki, kwamba Kiingereza chake cha maandishi kimechoka, au kwamba kwa miaka mitatu mfululizo ameyakimbia masomo ya kupanda ngazi kwa kuogopa kukaa darasani na vijana. Mtu anayejidharau hawezi kuuandika upande huo wa pili kwa utulivu, kwa sababu kila kosa kwake ni hukumu ya kifo. Mtu anayejikubali huuandika kama fundi anayekagua gari: breki ni nzima, taa ya kushoto imekufa, na gari bado ni gari.

Kuna desturi moja, inayotoka kwa Waingereza na kupatikana katika majeshi mengi yaliyorithi taratibu zao, ya kuweka kioo kirefu karibu na nyumba ya walinzi ili askari ajitazame kabla ya kushika lindo: kofia, mkanda, viatu. Mwaka 1902, mwaka uleule ambao King's African Rifles iliundwa, Charles Horton Cooley wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa kitabu alichoeleza ndani yake kwamba watu nao ni vioo. Mtu hufikiri jinsi anavyoonekana machoni pa mwenzake, hufikiri jinsi mwenzake anavyomhukumu, kisha huona fahari au aibu kulingana na hukumu hiyo aliyoifikiria. Uzito uko katika neno hilo, kufikiria. Kioo cha walinzi hakidanganyi. Lakini koplo anapopita mbele ya wake waliokaa barazani wakacheka, yeye husikia jina lake katika kicheko ambacho pengine kilimhusu kuku aliyeingia jikoni.

Kwa polisi kioo hiki kina ufa wa namna yake. Askari wa usalama barabarani husimama juani tangu alfajiri, na katika kila taksi inayosimama husoma machoni mwa abiria kwamba yeye ni mla rushwa. Konstebo asiyepokea kitu huubeba mzigo wa yule anayepokea, na baada ya miaka kadhaa wengine huchoka wakasema: kama jina ninalo, kwa nini nisipate na faida yake? Hapo ndipo taswira mbaya ya nafsi inapoacha kuwa huzuni ya mtu mmoja na kuwa hasara ya nchi. Konstebo mwaminifu anahitaji kioo kingine cha kujitazama, walau mwenzake mmoja wa zamu anayeujua ukweli wake, na mke anayejua ni kwa nini mboga ya nyumbani ni dodo na si nyama.

Kwa upande mwingine, yule anayepokea asiyatumie maneno haya kama sabuni. Aibu yake ni dalili ya kwamba dhamiri bado inapumua, na haifai kuponywa kwa maneno matamu. Jambo hili lafaa lisemwe kwa sababu kwa miaka mingi, hasa huko Marekani, palienea imani kwamba mtu akipewa sifa za kutosha na akijiona bora, atafanya kazi bora. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake watatu waliupitia utafiti uliokuwapo, wakaona kwamba kujiona bora peke yake hakumfanyi mtu awe mwanafunzi hodari wala mfanyakazi hodari. Aghalabu kazi nzuri ndiyo hutangulia na kujiheshimu hufuata. Wahenga wa pwani walilijua kwa njia yao walipoonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Afisa anayewasifu askari wake wote kila Jumatatu kwa maneno yaleyale hamjengi yeyote. Afisa anayemwita mtu mmoja na kumwambia, "Ile taarifa yako ya Alhamisi ndiyo iliyotuwezesha kumpata yule mtoto aliyepotea," amempa kitu ambacho mtu huyo ataondoka nacho hadi uzeeni.

Lugha yenyewe ina silaha ndogo ambayo watu hujipiga nayo bila kujua, nayo ni neno "tu". Mimi ni mpishi tu wa mesi. Mimi ni dereva tu. Mimi ni mama wa nyumbani tu. Ni herufi mbili zinazotosha kuufuta utumishi wa miaka ishirini. Kiswahili nacho kimeyavumilia hayo nchini Uganda, kilipoitwa kwa miaka mingi lugha ya kambini tu, ya amri na matusi, mpaka marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalipokipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Askari na wake zao waliokisema bila haya kabla ya hapo hawakungoja Katiba iwape ruhusa.

Konstebo mwanamke anayekaa katika dawati la ulinzi wa mtoto na familia hulitumia neno hilo zaidi ya wote. Wenzake wa doria hurudi na hadithi za kufukuza majambazi, naye husema, "Mimi nakaa ofisini tu." Kazi yake ya asubuhi moja ni hii. Anaingia mama mwenye mtoto mgongoni, baba wa mtoto ameacha kutoa matumizi tangu mvua za kwanza. Konstebo humpigia baba simu, hupigiwa kelele, hupiga tena. Saa sita baba anafika kwa maringo, na nusu saa nzima huzungumza na dari. Konstebo hapandishi sauti. Anamuuliza bei ya sukari, kisha bei ya sabuni, kisha kiasi ambacho mtoto wa umri huo hula kwa siku, na kufikia saa nane mtu yule ametia sahihi yake kwamba ataleta fedha kila mwisho wa mwezi, na kwa mara ya kwanza amemtazama mtoto. Hapakuwa na king'ora wala mpiga picha. Akiulizwa jioni amefanya nini kutwa, konstebo hujibu kwamba hakukuwa na kitu. Mumewe, kama ana busara, ataomba asimuliwe hicho ambacho hakikuwapo.

Na mke wa askari je? Katika kambi nyingi yeye hupewa cheo bila kukila kiapo. Mke wa sajini hupishwa bombani, mke wa konstebo hungoja na ndoo yake, na mume akirukwa na orodha mke naye huanguka bila ya kuufanya mtihani wowote. Ndiyo maana baadhi yao, kwa uchungu, hurudi nyumbani na maneno yanayochoma: "Mwenzako amepata, wewe umekaa." Maneno hayo hayajapata kumpandisha mtu cheo. Mke anayeuza nyanya au mandazi langoni, mwenye fedha zake katika chama cha akiba na jina lake mwenyewe katika daftari la chama hicho, huwa na mahali pa kusimama siku hiyo, na kwa sababu hiyo aweza kumtazama mumewe kwa huruma badala ya hasira. Kuhusu watoto, inatosha kusema kwamba mtoto hujifunza kujiheshimu kwa kumsikia baba yake anavyojitaja.

Liko jambo jingine lisilopaswa kufanyiwa mzaha. Ikiwa maneno ya "mimi si kitu" yanaendelea wiki baada ya wiki, ikiwa usingizi umekimbia, chakula hakishuki, pombe imezidi, na mtu ameanza kusema kwamba familia ingekuwa afadhali bila yeye, basi huo si tena udhaifu wa moyo wala ukosefu wa nidhamu. Ni ugonjwa, nao una matibabu. Mtu huyo asipewe lindo la silaha, na mwenzake anayelijua jambo hilo amwambie mkubwa wao siku hiyohiyo. Hapo kunyamaza si usiri wa kiaskari. Mganga wa kikosi au wa zahanati aweza kuanza, na kwa Uganda wapo wataalamu katika Hospitali ya Butabika mjini Kampala, hospitali ya taifa ya rufaa kwa maradhi ya akili. Askari aliyekwenda huko kwa sababu ya nafsi hana tofauti na aliyekwenda hospitali kwa sababu ya goti, na mkubwa anayemcheka wa kwanza na kumhurumia wa pili hajaifahamu kazi yake.

Wapo pia wale ambao orodha haiwahusu tena. Kila mwaka askari huvua sare, hukabidhi vifaa, na hupanda basi kwenda Soroti, Kabale, Lira au Arua. Aliyejijua kwa cheo peke yake hufika kijijini akiwa mgeni kwa nafsi yake. Hungoja kuitwa afande, na vijana wasiojua habari zake humwita mzee. Hutoa amri katika mkutano wa kijiji, na watu huendelea kuzungumza. Mwaka wa kwanza huwa mgumu, na fedha za kustaafu huishia katika kuwanunulia vinywaji wale walio tayari kumpigia saluti. Mwenzake aliyepanda naye basi lilelile, ambaye alistaafu akiwa koplo na fundi wa magari, huamshwa alfajiri kwa kugongewa mlango na jirani mwenye pikipiki iliyokataa kuwaka.